Mji wa Siwema Ndani ya Sumaku

Siwema anaingizwa kwenye mashine ya sumaku kichwa kikitangulia, kama mkate unavyosukumwa tanuruni, na kabla hajafika katikati tayari amekwisha kumwomba Mungu msamaha hata wa makosa ambayo hajayafanya. Kichwa kimefungiwa ndani ya kizimba cha plastiki, masikio yamezibwa, na mkono wa kushoto umekabidhiwa mpira mdogo wa kubonyeza hofu ikimzidi. Wa kushoto, kwa sababu vidole vya kulia vina muda sasa havitofautishi pamba na msumari. Nywele ziko timtim. Yeye, msusi ambaye mabinti wa Tabora humwekea nafasi ya siku ya harusi hata kabla hawajapata bwana harusi, amelala mbele ya watu na kichwa cha mtu aliyetoka kugombana na paka, maana Lusekelo, mtaalamu wa mashine, mtu mzima mpole mwenye kitambi, alimwambia zile rasta zenye vipete vya chuma zifumuliwe zote, sumaku haina utani na chuma. Wakazifumua kwenye benchi la nje, yeye na mumewe Kapera, ambaye ni fundi baiskeli na vidole vyake havijui nywele. Sasa sauti ya Lusekelo inaingia kwenye kipaza sauti, inasema, Mama, tulia hivyohivyo, usitingishike, ukitingishika picha inachafuka. Hapa hospitali kila mwanamke ni mama, hata huyu ambaye hajawahi kuzaa, na Siwema hulimung'unya neno hilo polepole kama pipi, asije mtu akamnyang'anya.

Maana habari yenyewe ndiyo hiyo. Mwaka jana jicho lake moja lilijaa ukungu, likauma, kisha likafunguka lenyewe, na picha ya kichwa ikaonyesha madoa meupe mahali ambapo hapakutakiwa doa. Daktari Mwasiti, mama mmoja asiyejua kutisha watu, akawaeleza yeye na Kapera hivi: mishipa ya fahamu ina ganda la kuikinga, kama waya wa umeme, na askari wa mwili wako, dada Siwema, wamekosea nyumba, wanabambua ganda la wenyewe wakidhani ni adui. Ugonjwa ungali mchanga. Tutapiga picha nyingine, tuiweke pamoja na ile ya kwanza, tuone kilichobadilika, na siku hizi tunapima hata pale panapoonekana pazima, kwa kufuatilia maji yanavyotembea ndani ya ubongo. Kama pametulia, wewe na mwenzio endeleeni na mambo yenu ya kutafuta mtoto. Kama kuna doa jipya, basi ugonjwa unatembea, dawa itabidi ianze mara moja, na dawa hiyo na mimba hazikai nyumba moja. Mtoto atasubiri, pengine miaka. Kapera aliitikia kwa kichwa. Siwema hakuitikia. Tangu siku ile anachokiomba si afya, tuseme kweli, anachokiomba ni picha isiyo na doa jipya, na hata vidole vilipokufa ganzi hakumwambia daktari. Aliyesema ni Kapera, asubuhi ya leo, naye Siwema akamkata jicho ambalo lingetosha kutoboa tairi.

Mashine inaanza kugonga. Ngo, ngo, ngo, halafu tatatata juu kwa juu, halafu mlio mmoja mrefu unaokatika ghafla, halafu ngo, ngo tena, na ngo hizo zinapangana, zinakuwa ngoma, ngoma inakuwa mwendo, na dari lile lililokuwa karibu kugusa pua linainuka, linakwenda juu, linakwenda mbali, mpaka Siwema halioni tena, naye amesimama. Amesimama barabarani. Barabara ni nyeupe, laini chini ya nyayo, na pembeni yake iko nyingine, na pembeni ya hiyo nyingine, maelfu kwa maelfu, zinapinda pamoja na kunyooka pamoja kama mistari ya ususi wa twende kilioni, na Siwema ambaye hana ugeni na mistari anasema moyoni, aliyesuka hapa ana mkono mwepesi. Kila barabara ina kuta mbili za mafuta yaliyoganda, na katikati ya kuta wanapita watu, wanapita bila kukanyagana, bila kuulizana njia, na hakuna hata mmoja mwenye uso. Pale penye uso pametulia tu, panang'aa, kama maji mtungini. Ngoma inapolia wote wanainama upande mmoja, wote kwa pamoja, na inaponyamaza wanainuka mmojammoja, na kila anayeinuka anaimba sauti moja nyembamba, kisha anaendelea na safari zake. Siwema haogopi. Hilo linamshangaza zaidi kuliko watu wenyewe.

Anamsimamisha mmoja, anamwuliza, Samahani ndugu yangu, hapa ni wapi? Yule asiye na uso anasema, Kitendawili. Na Siwema, kwa mazoea ya utotoni, mdomo unamtangulia, anajibu, Tega. Yule anasema, Nyumba yangu haina mlango wala dirisha, na mwenyewe hajawahi kuingia. Siwema anacheka. Nani asiyejua hicho? Yai! Yule anatikisa kichwa. Yai ni la kuku, nyumba hii ina mwenyewe, tena amekuja bila kuchana nywele. Umeshindwa, nipe mji. Siwema anampa Nzega, kama alivyokuwa akimpa bibi yake Nzega jioni zile za vitendawili, maana mji wa kitendawili hutolewa bila kujuta, hata usiokuwa wako. Yule asiye na uso anafumba macho ambayo hana, anasema, Nimekwenda Nzega, nimekaribishwa wali kwa kuku wa kienyeji, nimelala kitanda cha besera, asubuhi wakanifungia na karanga za njiani, nimerudi. Jibu ni kichwa chako. Siwema anageuka huku na huku kuzitazama zile barabara, na kifua kinamjaa, si kwa woga, kwa huruma, kama mtu aliyeonyeshwa chumba ambamo aliwahi kulala akiwa mtoto mchanga. Anasema, Kumbe humu ndani ni mpana hivi. Kisha anauliza, Na wewe u nani? Yule anasema, Kitendawili. Tega, anajibu Siwema. Ukila naingia, ukilia natoka, na zaidi ya nusu ya nyumba yako ni mimi. Maji, anasema Siwema. Umepata, anasema yule, twende.

Wanakwenda. Wanakwenda na barabara inakwenda nao, wakisimama inasimama, wakiangalia nyuma kule walikotoka pamekuwa kule waendako. Wanafika kwenye miji miwili inayotazamana, mmoja kushoto, mmoja kulia, nyumba kwa nyumba, kibaraza kwa kibaraza, na kati yake daraja nene lililosukwa kwa barabara tupu. Katika mji wa kulia mwanamke anaanika kanga, katika mji wa kushoto mwanamke yuleyule anaanika kanga ileile, ila mikono imebadilishana. Wanawake wale wawili wanapungiana, kisha wanamsonya Siwema kwa kusimama njiani. Anaona saluni yake, ipo huku na ipo kule, na ndani ya kila moja yumo Siwema mmoja anayesuka. Yule wa upande wa kulia anasuka chapuchapu na anaimba. Yule wa upande wa kushoto anashika nywele, anaziachia, anazishika tena, anavitazama vidole vyake vya kulia kana kwamba ni vya mpangaji asiyemwamini. Siwema anayauliza maji, Kwa nini mwenzangu yule anachelewa? Maji yanasema, Mji wa kushoto ndio unaotuma mkono wa kulia, na barabara ya kutoka mjini kwake ina neno. Neno gani? Maji yanasema, Tutapita kwanza kwa wagonjwa wa zamani, si adabu kuwapita bila salamu.

Wagonjwa wa zamani wako kandokando ya ziwa moja lililotulia katikati ya nchi hiyo. Ni mahame. Ni mitaa ambayo kuta zake zilianguka mwaka jana, na Siwema anaijua bila kuambiwa, kama unavyolijua kovu lako hata gizani. Hapo watu wa maji hawaendi tena mstari mmoja, wanatawanyika, mmoja huku, mmoja kule, wanagongana, wanaombana radhi. Lakini katika mtaa mmoja, ule unaotoka kwenye jicho, anasikia kitu kinachomfanya ashike kifua: mafundi. Mafundi wamechuchumaa wanakandika upya. Ukuta wao ni mwembamba kuliko ule wa kwanza, mtu anaweza kuona mwanga upande wa pili, ila ni ukuta, na maji yakifika hapo yanajipanga, yanapita taratibu, yanasema asante. Siwema anawaambia mafundi, Poleni na kazi. Mmoja anajibu bila kugeuka, Tumeshapoa mama, kazi yako hii. Na anapoitwa mama hapa, ndani ya kichwa chake mwenyewe, Siwema anatamani kukaa chini awapikie chai wote. Anaweka kiganja juu ya ukuta ule mbichi. Anaupenda. Hakujua kwamba mtu anaweza kupenda sehemu yake iliyoharibika, siku zote alidhani sehemu hiyo ni ya kufichwa.

Wanaingia mji wa kushoto. Barabara ya kutoka kwenye saluni ni nzuri kuitazama, kuta zimesimama, hakuna ufa. Siwema anasema, Mbona pazima? Maji yanasema, Usitazame kwa macho, nitazame mimi ninavyokwenda. Na kweli, yale maji yaliyokuwa yakiteleza sasa yanajivuta, yanagusa ukuta na ukuta unanyonya, yanakwenda pembeni kidogo kuliko inavyopasa. Hatua chache tena, mwendo unazidi kupotea, na wanapokata kona, hapo sasa. Mtaa mzima umelala chini. Vifusi vibichi, mafuta ya kuta yamemwagika, na katikati ya vifusi askari wanafanya kazi kwa bidii kubwa, wanabambua, wanakwangua, wanafagia. Askari hawa wana nyuso. Wana pua ya babake Siwema, wana nyusi za mamake, mmoja ana mwanya kama wake. Wanamwona, wanasimama wima, wanasema, Shikamoo mama, tunakulinda. Siwema anawaambia, Wanangu, hii ni nyumba yetu. Wanatazamana. Mmoja anasema, Tumeambiwa ni ya adui. Aliyewaambia ni nani? Wanatazamana tena, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye ajuaye. Hapo Siwema alikuwa na haki ya kukasirika, na angekasirika kama wangekuwa wageni. Unamkasirikiaje mtu mwenye mwanya wako, anayekubomolea kwa mapenzi?

Ndipo anaisikia ngoma. Bado iko mbali, upande wa ziwa, lakini inakuja, ngo, ngo, mtaa kwa mtaa, na kila inapofika watu wa maji wanainama na kuinuka na kuimba, na kwa wimbo wao mtaa unajulikana, mzima au mbovu, ukipenda usipende. Inakuja kuuona mtaa huu. Itauona, itaupeleka kwa Daktari Mwasiti, na daktari atasema dawa, na dawa itasema mtoto hapana. Siwema anaangalia vifusi, anaangalia barabara za majirani zilizosimama nzima kila upande, na ufundi wake unaamka. Kwa maana hili analijua kuliko watu wote wa Tabora. Akija bibi harusi ana kipara utosini, Siwema hapigi kelele, hamwaibishi, anaazima nywele za jirani, anavuta kutoka kushoto, anavuta kutoka kulia, anazipitisha juu ya kipara, anazibana, na mama mkwe akikagua kichwa hicho haoni hata tundu la sindano. Anapiga magoti. Anashika nyuzi za barabara ya jirani na kuzivuta, na vidole vyake vya kulia, jamani, vinahisi! Vinahisi uzi mmojammoja, ulaini wake, joto lake, na Siwema analia kwa raha huku akisuka. Anasuka kama hajawahi kusuka. Anaazima huku, anaazima kule, mstari juu ya mstari, mpaka vifusi vimefunikwa na askari wamefunikwa pamoja na bidii yao, na juu yake umelala ususi mzuri kiasi kwamba maji yenyewe yamesimama kuutazama. Anajifuta jasho, anasema, Haya, ije sasa hiyo ngoma.

Kabla ngoma haijafika, Siwema anasikia mlio mdogo, mlio anaoujua. Ni barabara za majirani. Zimevutwa mno. Kwenye kingo, pale alipoazima, ganda linaanza kuinuka, linajikunja, na chini ya ususi askari wanasema kwa furaha, Kumbe na huku yupo adui, na wanasogea. Siwema anaketi chini kwa kishindo. Hili nalo analijua. Wale mabibi harusi hurudi baada ya miezi, kipara kimepanuka, nywele za kingo nazo zimekwenda na maji, na yeye huwaambia kwa ukali wa dada mkubwa, Si nilikwambia ile ni ya siku moja? Fumua, acha kichwa kionekane, kitibiwe, ukiendelea kubana utabaki na masikio tu. Huwaambia hivyo kila mwaka. Kuambia watu ni rahisi. Maji yanachuchumaa mbele yake, yanasema polepole, Kitendawili. Siwema hataki, ila desturi ni desturi, anasema, Tega. Ukinificha nakua, ukinionyesha natulia. Jibu analo. Liko mdomoni, limekaa juu ya ulimi, na hawezi kulitoa kwa sababu akilitoa atakuwa ameukiri ugonjwa. Ngoma imefika mtaa wa pili. Maji yanasema, Basi umeshindwa, nipe mji.

Anatoa Urambo. Maji yanatikisa kichwa. Anatoa Sikonge, anatoa Igunga, anatoa Kahama na maduka yake yote, anatoa Dar es Salaam ambayo amefika mara moja akaibiwa viatu. Maji yanatikisa kichwa. Maji yanasema, Nipe ule uliouficha. Siwema anasema, Sina mwingine. Na anaposema hivyo anauona, na maji nayo yanauona, uko pale juu ya kilima nyuma ya saluni, mji mdogo usio na njia ya kuufikia, alioujenga peke yake usiku mmoja baada ya mwingine bila kumwambia hata Kapera. Nyumba ni moja. Ndani kuna kigodoro cha kitoto kilichoanikwa, kuna kichana chenye meno mapana cha nywele laini, na juu ya mlango kuna jina ambalo Siwema hajawahi kulitamka kwa sauti. Hakuna mtu humo. Pamefagiliwa, panasubiri. Siwema anasema, Huo siutoi. Nichukueni mkono, chukueni jicho lile, chukueni mguu, huo siutoi. Maji yanasema, Mkono utachukuliwa na jicho litachukuliwa na mguu utachukuliwa, usipoutoa, na nyumba yenyewe itachukuliwa mwishoni, maana imejengwa juu ya barabara hizihizi. Maji yanasema hivyo kwa upole, bila kumsukuma. Siwema analia. Analia kwa kwikwi kama mtoto aliyepigwa na mtu anayempenda, na kila chozi linalodondoka linasimama, linajinyoosha, linakuwa mtu asiye na uso na kumshika bega, mpaka amezungukwa na machozi yake mwenyewe yanayombembeleza.

Anauliza, Nikiutoa utaufanya nini? Maji yanasema, Kwani Nzega niliifanya nini? Nilikula, nikalala, nikarudi, na Nzega ipo. Hujawahi kuona mji umekufa kwa kutolewa kwenye kitendawili. Anayepewa hukaa humo, hufagia, hukung'uta godoro likipata vumbi, huangalia jina lisifutike na mvua. Hukaa mpaka mwenyewe arudi. Siwema anauliza, Nitarudi lini? Na hapo, kwa mara ya kwanza, maji hayana kitendawili. Yanasema tu, Sijui, mama. Jibu hilo la sijui, kwa ukweli wake, ndilo linalomfungua. Anakitazama kilima. Anaufahamu kila ukuta wa mji ule. Anasema, Chukua, kwa sauti ndogo, kisha kwa sauti kubwa ili asije akajifanya hakusema, Chukua mji. Usiache mlango wazi usiku. Na papo hapo, kwa mikono miwili, anaanza kufumua. Anafumua mstari kwa mstari, anarudisha kwa jirani nyuzi za jirani, anazilaza taratibu, anapangusa kingo, anawaomba majirani radhi, mpaka mtaa umebaki kama ulivyo, vifusi nje, askari nje, aibu nje. Ngoma inakata kona. Inalia juu yao, na watu wa maji wote wanainama, na Siwema anainama nao, na inaponyamaza wanainuka, na wale wa mtaa uliobomoka wanainuka kwa namna yao, wanaimba kwa namna yao, na Siwema anajisikia akiimba, sauti moja nyembamba, akiinuka, akiinuka.

Mwanga. Kitanda kinateleza nje. Mtu aliyeinama juu yake hana uso, pale penye uso pana weupe mtupu, na Siwema anamwambia, Umeshafika mjini kwangu? Umekuta pasafi? Yule anashusha barakoa chini ya kidevu na kuwa Lusekelo, kitambi na vyote. Anasema, Mama, wewe ulilala kabisa, ulikoroma mpaka nikakusikia kwenye kipaza sauti, lakini hukutingishika hata kidogo. Picha zimetoka vizuri. Anamfungulia kizimba, anampa karatasi ya kujifuta, kwa sababu uso wote umelowa. Siwema anajaribu vidole vya kulia kwenye karatasi ile. Havihisi kitu. Anajikuta anashukuru, maana sasa angalau anajua yuko upande upi wa usingizi, halafu anafikiri tena na hajui kama ganzi ni ushahidi wa lolote.

Chumbani kwa Daktari Mwasiti picha mbili zimewekwa bega kwa bega kwenye kioo cha kompyuta, ya mwaka jana na ya leo. Miji miwili inayotazamana, ziwa katikati. Kapera amekaa ukingoni mwa kiti, mikono yenye grisi isiyotoka imebana magoti. Daktari anavaa miwani, anavuta pumzi, na kabla hajasema Siwema ananyoosha mkono na kugusa kioo. Anasema, Ni hapa. Daktari anageuka kumtazama. Anasema, Nani amekuonyesha? Hapo hasa, dada Siwema, doa jipya ni hilo, na ukipima maji yanavyotembea hapa kando, panapoonekana pazima, hapako sawasawa, palikuwa panaelekea kubomoka. Tumeliwahi. Kama lingejificha tungelijua ukishindwa kutembea. Dawa inaanza wiki hii, na vidole hivyo vina nafasi ya kurudi, sikuahidi vyote, ila vina nafasi. Kapera anakohoa. Anauliza kile ambacho Siwema hawezi kukiuliza. Na mtoto, daktari? Daktari Mwasiti anavua miwani. Anasema, Asubiri. Sijasema hapana, nimesema asubiri, tutapiga picha tena na tena, siku pakitulia tutazungumza. Kisha Kapera anasema, kwa ile sauti anayotumia na wateja wenye haraka, Huyo mtoto wetu hana saa mkononi, daktari, hatajua kama amechelewa. Na Siwema anaangua kicheko, kicheko kinageuka kilio njiani, na Kapera ambaye kila siku huona haya kumshika mkono mbele za watu anaushika, ule wa kulia, anaubana. Siwema hajui kwa kuuhisi kwamba unabanwa. Anajua kwa kuutazama.

Wanatoka. Ukumbi wa hospitali ni mweupe, mrefu, na kandokando watu wamepanga foleni ya dirisha la dawa, wote wametazama upande mmoja, na muuguzi anapoita jina wote wanainama kidogo mbele, kisha wanainuka mmojammoja. Siwema anapunguza mwendo. Ukumbi unakwenda nao. Anageuka nyuma na hana hakika kama mlango waliotokea ndio ule au ni huu ulio mbele yake. Mguu wa kulia unajivuta, Kapera anampa bega lake, na bega lina joto, lakini ndotoni napo nyuzi zilikuwa na joto. Anamwambia, Kapera, nilikuwa na jina. Sikukwambia. Kapera anasema, Nalijua. Unalisema ukilala. Siwema anasimama katikati ya ukumbi, watu wanawapita kushoto na kulia bila kuwagusa. Kwa muda wote ule alidhani mji ule una mwenyewe mmoja tu. Anamtazama mumewe usoni, anautafuta uso, anaupata, ndevu ambazo hazijanyolewa tangu juzi, macho mekundu ya mtu aliyekuwa amelia chooni na kunawa. Anauliza, Kapera, hivi tuko macho? Kapera anafikiri kidogo, kwa sababu ni mtu asiyejibu ovyo. Anasema, Mimi niko macho. Wewe kama umelala, lala tu, Siwe. Nitakuamsha tukifika. Siwema anafumba macho, anamshikilia, na anaendelea kutembea.